Mlango wa Friji

Mashine haikuwahi kuwapo.
Ilikuwa mlango wa friji kuukuu niliyoinunua dola nane
kwenye mnada wa shamba la marehemu Eilert Tjaden, Iowa kaskazini,
gurudumu la baiskeli lenye karata iliyobanwa kwenye spoki,
na pumzi yangu mwenyewe ndani ya chupa ya maziwa.
Vitatu hivyo mbele ya maikrofoni,
na mtoto aliyelala chali sakafuni huko Nebraska
anasikia chombo kikimmeza, kikitikisika,
kikimtema Yeriko.

Miaka kumi na tisa nilikuwa nyayo za watu wote.
Nimekuwa ngamia, kwa mito miwili ya sofa.
Nimekuwa mkate ukimegwa. Nimekuwa Bahari ya Shamu
kwa beseni na debe la mahindi makavu.
Msalaba tu sikuuweza. Nyundo nilimwachia Orrin,
akapiga mara tatu, akatoka nje kuvuta sigara,
yeye ambaye hakuwa mvutaji.

Barua zilikuja kwa magunia.
Je, inauzwa? Baba ana kuku kumi na wawili wa kubadilishana.
Je, ndani kuna choo?
Tulijibu kwa zamu, tukicheka, stempu zikitukausha ndimi.

Kisha ikaja ya Verlene Aukes, miaka tisa,
penseli yake imechongwa kwa kisu:
“Najua huwa inakwenda zamani sana, kwenye Biblia.
Inaweza kwenda karibu?
Nataka Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, jikoni kwetu,
saa moja na robo asubuhi. Dakika tano zinatosha.
Mama huweka funguo za gari kando ya tosta.
Nitazificha tu. Sitagusa kitu kingine.”

Lowell, mtunzi wetu, aliisoma mara mbili.
Kanuni ya mashine aliiandika yeye:
msafiri huona, hasogezi hata kokoto.
“Mwandikie kuhusu mbinguni,” akasema,
akageuka, akawa anatazama maegesho ya magari.
Nikaandika kuhusu mbinguni. Mimi ni shemasi, maneno ninayo.
Yalikaa kwenye karatasi kama viti vya kukunja
watu wakishaondoka msibani.

Usiku nikarudi studio peke yangu.
Mlango wa friji. Gurudumu. Chupa.
Kisha jiko: birika likianza kulalamika,
kijiko ukingoni mwa kikombe, kiti kikiburutwa,
tosta ikirusha mkate,
slipa za mwanamke asiye na haraka.
Nilivaa za mke wangu, zikanibana visigino,
nikatembea dakika tano kwa saa ya ukutani.

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu.
Ilibidi zisikike: ama zikiokotwa,
ama zikisukumwa nyuma ya kopo la unga.
Nilizishika hadi zikapata joto la mwili.
Nimeishi kwa kudanganya masikio, na friji kuwa mashine
haijawahi kuninyima usingizi.
Hizi zingeninyima, upande wowote ambao ningezilaza.
Nikaziacha mfukoni.
Mama akaendelea kumimina kahawa, akaendelea kutembea,
hadi utepe ukaisha wenyewe, hatua moja ikiwa hewani.

Nilituma kaseti bila barua. Hakujibu.
Lowell hakuuliza kwa nini sandukuni ilipungua moja.

Friji iko gerejini kwangu sasa, ina maziwa na mayai.
Mpira wa mlango umechakaa, lakini bado
unanyonya, unasita, unaachia, vilevile.
Usiku wa theluji nikishuka na kikombe
huufungua nusu tu,
nikasimama pekupeku kwenye saruji,
taa ndogo ikinimulika vidole,
nikisikiliza ni jiko la nani.